Tisa Imetoka Wapi

Tulikutana Umoja, nyumbani kwa bintiye Mwalimu Nasimiyu, siku chache baada ya habari za kifo chake kutufikia kwenye simu. Nyumba yenyewe imeongezwa vyumba hadi imemeza ua wote, kwa hivyo wanaume walikaa kwenye ngazi na sisi wanawake tukajibana sebuleni, chai ya maziwa ikipitishwa juu ya vichwa vyetu na mandazi yakifuata. Wanafunzi wake wa zamani tulikuwa wengi kuliko jamaa. Kila aliyesimama kusema neno alimsifu marehemu kwa upole na uvumilivu, nami nikawa natafuna andazi langu huku hasira inanipanda. Mwalimu Nasimiyu hakuwa mpole. Na kama alikuwa na uvumilivu, ulikuwa uvumilivu wa mgeni anayebisha hodi na haondoki hadi umfungulie. Oduor, ambaye tulisoma naye darasa moja na ambaye siku hizi ana mvi hadi kwenye nyusi, aliniinamia akaninong'oneza, "Ciru, hawa watu wanamzika nani?" Nikacheka matangani, nikaona haya. Asiyekuwapo na lake halipo, na marehemu hawezi kujitetea hata akisifiwa vibaya. Mimi nimefundisha hesabu tangu nianze kazi, na najua alichotufanyia kuliko wengi waliosimama jioni ile. Niliporudi nyumbani nilianza kuandika.

Mwaka aliotufundisha nilikuwa Fomu Tatu katika shule ya kutwa pale Makadara, nikiishi Jericho kwa shangazi yangu, niliyemwita Tata kama tunavyowaita kwetu. Hesabu tulikuwa tukifundishwa kikwaya. Mwalimu anaanza neno, darasa linalimalizia. Akisema, "Hapa tutapata pembe ta...", sisi tunaitikia, "tu!" Akisema, "Hii ikivuka upande huu inakuwa ha...", sisi, "si!" Mwisho anauliza kama tumeelewana, na darasa zima linajibu "ndiyo" moja ndefu, ya kuvutwa, inayosikika hadi barabarani. Ndiyo ile haikuwa uongo hasa. Ilikuwa adabu. Mwalimu amesimama tangu asubuhi, ana vumbi la chaki hadi puani, utamwambiaje kwamba hujaambulia kitu? Ni kama kumwambia aliyekupikia kwamba chakula chake hakina chumvi. Tulikuwa watoto wenye heshima, na kwa heshima hiyo hiyo tulifika Fomu Tatu bila kujua kitu.

Mwalimu Nasimiyu alikuja muhula wa kwanza, mwanamke mfupi kutoka upande wa Bungoma, amevaa sweta ya kijani na viatu vya raba, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi tunyamaze ili tumsikie. Siku ya kwanza alifanya swali moja ubaoni, akauliza kama tumeelewana, tukaimba ndiyo yetu. Akaweka chaki mezani, akanielekezea kidole mimi niliyekaa karibu na mlango.

"Wewe ndiye umesema ndiyo kwa sauti kuliko wote. Njoo unieleze."

Nilisimama mbele ya wenzangu nikatazama ubao, kisha nikamtazama yeye, maana tulikuwa mabingwa wa kusoma nyuso za walimu. Ukisema jibu polepole, mwalimu atakunja uso au atatabasamu, nawe unajua pa kugeukia. Lakini Mwalimu Nasimiyu alikuwa ameenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa, amegeukia dirisha. Hapakuwa na uso wa kusoma. Nilisimama pale hadi kengele ikalia, na hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo hataki kusikia ndiyo darasani mwake, na atakayeisema atakuja mbele kueleza. Ndiyo ikafa palepale.

Wakati wa gwaride la Jumatatu, mwalimu mkuu alitutangazia jambo lililofanya mwaka ule uwe mwaka. Alisema wastani wa shule unaaibisha, na kwamba atakayeanguka hesabu mwisho wa Fomu Tatu atarudia darasa, asije akaivuta shule nzima chini kwenye mtihani wa taifa. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alikuwa mwalimu wa hesabu mwenyewe kabla ya kupewa ofisi, na aliipenda shule kama shamba lake. Lakini mimi nilikuwa naanguka hesabu tangu Fomu Moja, na nilijua nimetajwa hata kama jina langu halikutamkwa.

Chumba cha Tata kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Upande wa ndani palikuwa na kitanda chake na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana, upande wa mlangoni palikuwa na viti viwili vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, kabati la vyombo, na jiko la mafuta ya taa kwenye pembe. Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia nikijifanya nasoma. Tata alikuwa akichambua maharagwe na jirani yetu Mama Atieno, na walikuwa wamesahau kwamba pazia si ukuta. Mama Atieno aliuliza mtoto anaendeleaje na shule. Tata akasema sina shida nyingine, ni hesabu tu, kisha nikasikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria.

"Akirudishwa Fomu Tatu, mimi basi," alisema. "Mwaka wa ziada siuwezi, Mama Atieno. Atakuja tusaidiane pale sokoni, mitumba haimkatai mtu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu akikasirika unaweza kumbembeleza. Nilijilaza nikaapa kwamba soko la Jericho litanipata nikienda kununua nyanya tu, na nikaamua kukaza kamba na hesabu, ije mvua lije jua.

Basi fikiria nilivyojisikia muhula wa pili, Mwalimu Nasimiyu alipogoma kutufundisha. Ndivyo tulivyoona sisi. Tulikuwa tumefika kwenye milinganyo yenye eksi mraba, na shule yetu ilikuwa na wimbo wa kuitatua. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeutunga enzi zake darasani, na ulikuwa umerithishwa hadi watoto wa Fomu Moja waliujua kwa kuusikia ukutani. Unachukua ile namba iliyobebwa na eksi, halafu darasa linapiga madawati na kuimba: "Nusu yake, mraba wake, pande zote!" Mwalimu Nasimiyu aliandika ubaoni eksi mraba jumlisha sita eksi ni arobaini. Tukaimba. Nusu ya sita ni tatu, mraba wa tatu ni tisa, tukaongeza tisa pande zote, tukapata arobaini na tisa, tukashuka hadi saba, tukatoa tatu, eksi ikawa nne. Tulimaliza tukiwa na furaha ya watu waliofika nyumbani.

"Jibu ni sahihi," alisema. "Sasa niambieni, hii tisa imetoka wapi?"

Tukamwambia nusu ya sita ni tatu, na tatu mara tatu ni tisa. Akasema hakuuliza imepatikanaje, aliuliza imetoka wapi. Kwa nini tisa na si kumi? Kwa nini nusu na si robo? Akaenda akakaa dawati la nyuma, na kipindi kikaisha.

Kesho yake aliandika mlinganyo uleule. Keshokutwa vilevile. Wenzetu wa darasa la pili la Fomu Tatu walikuwa wameshaingia kwenye duara na tangenti, tunawasikia ukutani wakiimba nyimbo nyingine, na sisi tumekwama kwenye tisa. Darasa lilichemka. Oduor alisimama kwenye dawati wakati wa mapumziko akatangaza, "Wasee, huyu madam atatumaliza. Wenzetu wako mbali na sisi bado tunauliza tisa ilitoka ocha gani, kijiji gani." Tulicheka, lakini mimi nilihesabu wiki zilizobaki kufika mtihani. Siku moja nilipeleka madaftari kwenye ofisi ya walimu nikasikia mwalimu wa darasa la pili akimsihi Mwalimu Nasimiyu. Alimwambia mtihani hauulizi kwa nini, awape watoto kanuni waendelee mbele.

"Nikiwapa wataipokea," alijibu Mwalimu Nasimiyu. "Hiyo ndiyo shida yao."

Nilimchukia siku hiyo. Leo jibu lile nalielewa kiasi kwamba linaniuma, kwa sababu nimewapa watoto wengi kanuni kwa kuwa kengele ilikuwa karibu, nao wakapokea wakasema asante. Watu wanadhani kazi ya mwalimu wa hesabu ni kueleza vizuri. Mimi naeleza vizuri sana, uliza yeyote, na mara nyingi mtoto anatoka darasani akiwa na maelezo yangu mazuri na hana lake. Kazi ngumu ni kufunga mdomo wakati jibu linakuwasha ulimini. Mimi hujikaza kidogo tu kisha nalitema.

Lakini kumwita mgomaji ni kumkosea. Alikuwa anatusogeza, polepole, wala hatukuona. Siku iliyofuata alimwita Oduor akamwambia achore eksi mraba. Oduor aliandika herufi eksi kubwa, akaweka kimbili kidogo juu yake, akarudi kwa madaha. Darasa likaangua kicheko, ingawa sote tungefanya hivyohivyo. Mwalimu hakucheka. Alifuta, akachora umbo la mraba, kila upande akauandika eksi, akasema mraba ulikuwa umbo kabla haujawa wimbo. Tangu Fomu Moja tulikuwa tumesema mraba, mraba, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni mraba kweli, wenye pande na eneo ndani yake. Kisha akatuambia tuchore sita eksi. Baada ya kusukumana, mtu alibandika mstatili mmoja ubavuni mwa ule mraba, wenye upana wa sita na urefu wa eksi. Ukawa umbo refu kama benchi. Tukalikodolea macho. Tisa haikuonekana popote. "Nendeni nyumbani nalo," alisema.

Nilikwenda nalo kweli. Jioni ile Tata alikuwa amekaanga githeri ya jana kwa kitunguu na nyanya, na chumba kizima kilinukia. Nilikaa kwenye kigoda nikipakua, sahani magotini, nikitazama sakafu kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutazama watu. Lazima nieleze sakafu yetu. Tata alihamia pale na zulia la plastiki la nyumba ya zamani, kipande cha mraba ambacho hakikutosha chumba. Fundi alimletea utepe mpana wa zulia la rangi nyingine, na badala ya kuubandika wote upande mmoja, aliukata katikati kwa urefu wake, nusu akaiweka upande wa mlango, nusu upande wa kabati uliopakana nao. Sakafu ikaonekana sawa pande zote. Isipokuwa kwenye pembe, pale zile nusu mbili zilipopaswa kukutana. Pale palibaki saruji tupu, na Tata akaweka jiko juu yake, kwa hivyo hakuna aliyewahi kupaona kama kasoro.

Niliweka sahani chini. Nikasogeza jiko, likiwa bado la moto, na Tata akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Nikapiga magoti nikapapasa ile saruji. Utepe ulikuwa ile sita ya ubaoni, ukakatwa tatu na tatu. Ndiyo maana ya nusu. Na ile pembe ilikuwa na upana wa tatu huku na tatu kule. Tisa haikuwa imeongezwa na mtu yeyote aliyependa tisa. Tisa ilikuwa shimo. Ilikuwa pale muda wote, na ukiijaza, vipande vyote vinakuwa mraba mmoja mkubwa. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Nililia kwa furaha na kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba sina kichwa cha hesabu, na hapo nilikuwa nacho, kimeinama juu ya saruji. Tata alirudisha jiko mahali pake akaniambia nile kabla githeri haijapoa.

Asubuhi nilichora sakafu yetu ubaoni nikaeleza. Nilipomaliza niligeuka nikisubiri sifa. Mwalimu Nasimiyu, kutoka kule nyuma, alisema tu, "Oduor, nieleze alichosema Ciru." Oduor akakuna kichwa.

"Yaani madam, ni kama umenunua kapeti ikakosa kona," alisema. "Sasa hiyo tisa ndiyo kona. Ukiirudisha, kapeti inakuwa skwea, na skwea unajua upande wake."

"Endelea," alisema Mwalimu Nasimiyu, na Oduor akaendelea, halafu mwingine, halafu mwingine, kila mtu kwa maneno yake, hadi darasa zima likawa limepita pale mbele. Kuanzia siku hiyo tulikwenda mbio. Mambo ambayo wenzetu waliyaimba kwa wiki sisi tuliyamaliza kwa vipindi vichache, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuuliza kitu kimetoka wapi na hatukukubali kusogea bila kujibiwa. Mimi sikuwa hodari wa ghafla. Nilikuwa bado mwepesi wa kukosea kujumlisha. Lakini woga ulinitoka.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulisahihishwa kwa kubadilishana, karatasi zetu zikaenda kwa mwalimu wa darasa la pili. Swali lililobeba alama nyingi lilikuwa mlinganyo wa namna ileile. Nilipolifikia, woga wa zamani ulirudi kunisalimia na nikataka kuimba kimoyomoyo, na wimbo ukanichanganyikia. Ilikuwa nusu ya mraba au mraba wa nusu? Nikauacha wimbo. Nilichora zulia, nikakata utepe, nikajaza pembe, nikaandika jibu. Karatasi iliporudi, nilikuwa nimepewa sifuri kwa swali zima. Jibu lilikuwa limezungushiwa duara na pembeni imeandikwa: Njia? Hakukuwa na hatua zinazofanana na mwongozo wa kusahihisha, kulikuwa na picha tu na jibu sahihi, na mwalimu alishuku nilikuwa na mwakenya, kikaratasi cha kuibia, nikachora ili kuficha. Bila alama zile nilikuwa chini ya mstari. Jina langu lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na watakaorudia darasa.

Mwalimu Nasimiyu alinikuta pale nimesimama. Aliiomba karatasi, akaisoma yote, akanishika kiwiko akanipeleka hadi mlango wa mwalimu mkuu. Nilidhani ananipeleka kunitetea, na moyo ukatulia. Mlangoni alisimama.

"Sitakuombea," alisema. "Nikikuombea atanihurumia mimi. Ingia ueleze."

Mwalimu mkuu alinisikiliza, akaichukua karatasi, akaigeuza. Alisema mtu yeyote anaweza kuchora masanduku. Akaandika mlinganyo mpya kwenye karatasi tupu akanisukumia: eksi mraba jumlisha kumi eksi ni thelathini na tisa. Mwalimu Nasimiyu alikuwa ameingia nyuma yangu na amesimama mbele ya kabati la vikombe, anasoma majina ya washindi wa zamani. Nikachora. Tepe mbili za tano. Pembe ya ishirini na tano. Zulia zima sitini na nne, upande wake nane, eksi ni tatu. Nilieleza kila kipande kilikotoka.

Alifuata mistari ya mchoro kwa kidole. Kisha akauliza swali la mtu anayejua kazi yake: mlinganyo huo una majibu mawili, na mchoro wangu una moja. La pili liko wapi?

Hilo hatukuwa tumelifanya kwa zulia. Niligeuka nikautafuta uso wa Mwalimu Nasimiyu, nikakuta mgongo wa sweta ya kijani. Nikarudi kwenye karatasi. Nilifikiria soko, nikafukuza soko, nikafikiria nane.

"Zulia haliwezi kuwa na upande wa hasi," nilisema, "kwa hivyo picha inanipa tatu peke yake. Lakini sitini na nne ni nane mara nane, na pia ni hasi nane mara hasi nane. Kama eksi jumlisha tano ni hasi nane, basi eksi ni hasi kumi na tatu."

Akajaribu mwenyewe pembeni kwa penseli, midomo ikimchezacheza. Ikakubali. Aliegemea kiti chake, akanitazama, na nadhani alikuwa ananionea huruma ya kweli aliposema kwamba mtihani wa taifa una saa yake, na woga wake, na kwamba wenzangu wana wimbo wa kushikilia.

"Na siku hiyo ukiisahau hii yako, utafanya nini?"

"Sikuikariri, mwalimu," nilisema. "Nitaisahau vipi?"

Alichukua kalamu yake nyekundu akaikata ile sifuri.